Vidonge vya Mbegu

Voi, 10 Machi 2025

Kwako Shangazi Penina,

Nakuamkia, Shangazi. Natumai barua hii itakukuta umeketi jikoni, moto unawaka na ng'ombe wako Krismasi amekamuliwa bila kupiga teke ndoo. Kabichi nilizipokea Ijumaa kutoka kwa Tryphena pale sokoni, pamoja na maziwa ya mgando. Kabichi moja nilimpa Koki, tunayefanya naye kazi, akasema huku Voi kabichi zote zina uchovu wa safari isipokuwa zako. Asante. Ningekupigia simu, lakini najua jibu lako, kwamba sauti yangu simuni huisikia kama nyuki ndani ya chupa.

Kazi inaendelea. Kila karatasi inayoingia ofisini kwa Wakili Mulinge hupita mkononi mwangu kwanza: naisoma tarehe, naigonga muhuri wa kupokelewa, naiweka kwenye faili yake. Kipindi changu cha majaribio kinaisha mwezi wa nne mwishoni. Sijakosa hata siku moja na sitaki kukosa.

Sasa, Shangazi, usishtuke. Wiki iliyopita droo ya chini ya kabati la faili ilinichuna muundi. Nilipaka mafuta nikasahau. Ijumaa mguu ukavimba kuanzia kifundo hadi karibu na goti. Ngozi ilikuwa inang'aa, na ukiigusa ilikuwa na joto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Jumamosi nilikwenda hospitalini. Daktari ni mama mmoja anaitwa Katunge, mpole lakini wa maneno machache. Alisema ni vijidudu vimeingia chini ya ngozi kupitia mchubuko, kwamba ni ugonjwa wa kawaida, anauona kila wiki. Alichukua biro akachora mstari kuuzunguka uvimbe wote, kama mtu anayepima shamba. Akasema nitazame: joto likivuka mstari, au nikipata homa, nirudi siku hiyo hiyo.

Kisha akanipa vidonge vya siku tano.

Siku tano, Shangazi! Nilimwuliza kama amekosea, nikamwambia kwa adabu kwamba nilidhani ni kumi au kumi na nne. Akajibu, "Zamani tulitoa hivyo. Siku hizi tunajua tano zinatosha, mguu ukiwa unapungua." Nikatoka. Nilipofika getini nikarudi kumwuliza tena. Akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa namkumbuka Baba. Simkumbuki vizuri, nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka ni blanketi la kijivu, na mguu mmoja chini yake mnene kuliko mwingine.

Leo ni siku ya tatu. Mstari wa biro ulianza kufutika nilipooga, nikaupitia upya kwa kalamu ya ofisi isiyofutika. Koki ameuona na sasa ananiita Mpaka.

Niombee. Na asante kwa kila kitu.

Mwanao,
Ronald Mwakio


Werugha, 13 Machi 2025

Babangu Mwakio,

Nakuita hivyo leo kwa jina la marehemu baba yangu ulilorithi, ili ukumbuke kwamba yule mzee hakuogopa kitu. Wewe tangu ukiwa mdogo uliogopa hata kivuli cha ng'ombe. Ulikuwa unakizunguka, na ng'ombe mwenyewe unapita chini ya shingo yake.

Huku ni ukungu kama kawaida. Viazi vinatoka vizuri, njegere zimeliwa na nyani kidogo. Zephaniah jirani amenunua pikipiki ya pili na sasa anatembea kama diwani. Krismasi anatoa maziwa ya kutosha. Mimi ni mzima. Nilikwaruzwa na waya wa boma, lakini hilo si jambo la kuandikia wino.

Nimesoma habari za mguu wako mara mbili. Huyo Katunge amefanya vizuri kuchora mstari. Lakini siku tano ni chache, hapo naona kama wewe. Halafu nataka kukuuliza: umebakisha ngapi?

Unajua desturi ya nyumba hii. Hakuna mkulima anayepika mbegu zote. Mama yangu alivuna maharagwe akaweka kando ya mwakani kabla hajaonja hata moja. Na mimi, kila dawa iliyoingia nyumba hii tangu ukiwa mtoto, nimetoa mbili tatu za mwisho nikaziweka kwenye ule mkebe wa mafuta ya kupikia, pamoja na mbegu. Ukipona siku ya tatu, hizo zilizobaki ni za nani? Ni za atakayeugua kesho. Wewe ulikuwa unakunywa zako zote ukilamba hadi karatasi, na nilikuwa nakuchapa kwa mwiko.

Basi nijibu. Na usisimame sana hapo ofisini. Mwambie wakili ana viti.

Ni mimi shangazi yako,
Penina Mkamburi


Voi, 24 Machi 2025

Kwako Shangazi,

Nakuamkia tena, na samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kuandika nikiwa na habari kamili, na habari kamili haikuja, kwa hiyo naandika na hii niliyo nayo.

Kwanza asante kwa njegere, hata zile zilizoonjwa na nyani. Koki anakusalimu. Wakili alisafiri kwenda kortini Mombasa akaniachia funguo za ofisi siku mbili. Nilizifunga kwa uzi nikazivaa shingoni, hata nikiwa naoga.

Sikubakisha hata kidonge kimoja, Shangazi. Nisamehe. Nilimaliza vyote ishirini Jumatano ile, jioni. Asubuhi yake nikaamka gizani nikaushika mguu. Maumivu hayakuwepo. Joto halikuwepo. Lakini ngozi ilikuwa bado nyeusi zaidi kuliko ya ule mguu mwingine, na kifundo kilikuwa kimejaa kidogo. Nikaomba ruhusa ya saa moja, ya kwanza tangu niajiriwe, nikamwendea Daktari Katunge.

Alinibonyeza hapa na pale. Akanionyesha uvimbe umerudi nyuma ya mstari vidole vinne. Akasema, "Sikiliza, Ronald. Vijidudu vinakufa kwanza, uvimbe unaondoka baadaye. Moto ukishazimika, jivu bado lina uvuguvugu. Huongezi maji kwa sababu ya jivu." Nikamwuliza kama kuongeza siku tano nyingine kungenidhuru. Akasema dawa isiyohitajika haiongezi uzima, inaweza kukuharibia tumbo na kuvifundisha vijidudu vingine ukaidi. Akaniambia niinue mguu nikilala, basi.

Namwamini. Mchana namwamini kabisa. Nikifika nyumbani naanza kumwamini nusu. Nashika mguu, nalinganisha na mwenzake, nahesabu. Sijui namna ya kukueleza bila kuonekana mtoto. Natamani ningekuwa na vingine kumi tu, si lazima nivinywe, viwepo tu mezani.

Umeandika kwamba waya ulikukwaruza. Wapi?

Mwanao,
Ronald


Werugha, 3 Aprili 2025

Babangu,

Salamu. Huku mvua imeanza na inanyesha kwa hasira. Viazi vimechanua. Tryphena ananisaidia kukamua siku hizi, ana mikono mizuri. Kanisani sijaenda Jumapili mbili kwa sababu ya ukungu.

Ndani ya gunia, chini ya karoti, kuna bahasha ya dawa. Nimeangalia kwenye mkebe nikakuta zimebaki kumi na sita, na Mungu si mtu, ni za ugonjwa ule ule ulionisimulia. Mimi sina kazi nazo. Usiziweke mezani. Kunywa zote, usibakishe, leo nakuruhusu.

Usiulize maswali mengi. Kunywa.

Shangazi


Voi, Ijumaa 4 Aprili 2025, saa saba mchana

Shangazi,

Leo nakosa salamu, na unajua sijawahi. Tryphena amekubali kuningoja hadi saa nane, ameketi kwenye magunia yake hapo nje ya ofisi na anakula mahindi ya kuchoma. Amekataa kuniambia chochote. "Mimi nabeba karoti," ameniambia. "Maneno hayamo kwenye mzigo."

Nitakueleza nilichofanya. Nilifungua bahasha asubuhi, nikamimina maji kwenye kikombe, nikaweka kidonge ulimini. Nilifurahi kiasi kwamba macho yalijaa machozi, nikasema, Shangazi amenisikia. Kisha, kwa mazoea tu, kama ninavyofanya na kila karatasi inayoingia humu, nikaigeuza bahasha kutazama tarehe.

Uliikata sehemu yenye jina kwa mkasi. Uliikata vizuri, imenyooka. Lakini tarehe wameandika chini, pembeni, kwa penseli: 1/4. Ni Jumanne ya wiki hii, Shangazi. Na juu yake: mara nne kwa siku, siku 5. Hivyo ni ishirini. Umeniletea kumi na sita.

Vidonge vya mkebeni haviandikwi tarehe ya juzi.

Nilikitema. Kisha nikazisoma upya barua zako zote mbili nilizoweka kwenye faili. Waya wa boma. Tryphena anakamua. Na kanisa: Shangazi, Werugha ina ukungu kila asubuhi tangu Mungu aumbe milima, na sijawahi kukuona ukikosa kanisa kwa ajili yake. Na mwandiko wa barua hii ya mwisho umelala upande mmoja, kama wa mtu anayeandika akiwa kitandani.

Ni mguu gani? Umefika wapi?

Ulikunywa siku moja, ukasikia nafuu kidogo, ukasema zilizobaki ni za Ronald. Mimi ndiye niliyekuandikia natamani vingine kumi. Mimi mwenye mguu uliopona! Kama kuna mtu wa kuchapwa kwa mwiko, basi ni mimi.

Sasa nakuomba, na sijawahi kukuamuru kitu maishani. Nakurudishia vyote kumi na sita, kikiwemo hicho nilichokitema, nimekikausha na kukifunga peke yake ili hesabu isipotee, hicho usikinywe. Usianze tena mwenyewe. Umeacha siku mbili, mguu unaweza kuwa umebadilika, lazima wautazame kwanza. Nimempigia Zephaniah simu mara nne haipatikani. Ya tano ameipokea, akasema kesho alfajiri atakupeleka hospitalini Wundanyi, na kwamba ukikataa atakubeba kama gunia la kabichi. Ndani ya barua hii kuna biro. Jichore mstari leo hii, kuzunguka pale penye joto, wakauone.

Nimekwenda pia kwa Wakili Mulinge kumwomba ruhusa nije kesho. Nilisimama mlangoni kwa muda mpaka akainua kichwa.

"Ronald, unangoja nikugonge muhuri?"

"Wakili, shangazi yangu anaumwa mguu. Ndiye aliyenilea."

"Na kwa nini bado uko hapa?"

"Kipindi cha majaribio, Wakili."

"Majaribio ni ya karani," akasema, "si ya moyo. Nenda."

Kwa hiyo nitakuja kesho mchana. Kunywa maji. Inua mguu juu ya mto. Mpokee Zephaniah vizuri.

Mwanao, mwanao kabisa,
Ronald


Voi, 13 Aprili 2025

Shangazi,

Barua hii haina wa kuibeba. Naiandika kwa sababu mikono haitulii.

Jumamosi ile nilifika Mwatate tukarudishwa. Kifusi kimeanguka barabarani, mawe makubwa kama nyumba. Wengine walisema watapanda kwa miguu, wazee wakawakataza, mlima ulikuwa bado unateremsha udongo. Nilikaa pale hadi jioni. Kisha ujumbe wa Zephaniah ukaingia: "Tumefika hosp. Ameonekana. Kaanza dawa. Anakutukana. Usipande." Nilisoma neno "anakutukana" mara nyingi kuliko mengine. Mtu anayetukana bado ana nguvu.

Tangu hapo mtandao wa huko umepotea, siku nane sasa. Nimehesabu: kama walikupa siku tano, zilikwisha Jumatano. Ulizimaliza? Hata mbili za mwisho? Hizo mbili, Shangazi, ndizo zinazonikosesha usingizi.

Sijakuambia asante ya kweli. Ulinipa dawa kutoka kwenye ugonjwa wako. Sijui asante ya jambo hilo inaandikwaje. Nakushukuru, na nimekukasirikia, na yote mawili ni ya kweli kwa pamoja.

R.


Werugha, Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Babangu Mwakio,

Nakusalimu nikiwa nimeketi, si nimelala. Natazama nje naona hadi miti ya Zephaniah, ukungu umepanda mapema. Wamefungua njia jana, na Tryphena atashuka kesho na kabichi za wiki mbili, maskini, nusu zimeoza. Jana nilikwenda kanisani kwa miguu yangu. Nilikaa nyuma, lakini nilikwenda.

Ulikuwa mguu wa kushoto. Niliupuuza waya. Uvimbe ulipopanda nikauficha kwa leso. Nilipokunywa vile vinne vya kwanza nililala vizuri, nikaamka nikasema, Penina, umepona, na mtoto kule Voi anashika mguu wake gizani kila alfajiri. Nikachukua mkasi.

Zephaniah alikuja kabla jogoo hajamaliza. Nilimtukana njia nzima. Daktari wa Wundanyi, kijana, alipoona mstari wako wa biro akaniuliza nani amenifundisha. Nikasema karani wangu. Akaniambia joto lilikuwa limepanda tena, na ningekaa wiki nyingine ningelazwa na kudungwa mshipani. Alikagua vidonge, akasema nianze kuhesabu upya kutoka moja, akaniongezea vitano. Siku ya tano nikarudi. Mguu ulikuwa umeshuka lakini haujapoa, hivyo akaniongezea siku mbili. Kwa hiyo zako tano, zangu saba. Nilimwuliza ni kitabu gani kinachosema hivyo. Akasema, "Mama, kitabu kinatupa tano. Kisha tunautazama mguu." Nikaona huyo ana akili.

Sasa nitakuambia kitu nilichokuficha, na usinijibu juu yake.

Baba yako Bernard alichomwa na mwiba wa mkonge kule shambani alikokuwa kibarua. Alikuja nyumbani Alhamisi akichechemea. Mvua ikakata njia kama mwaka huu. Usiku wa pili aliniambia, dada, huna hata kidonge? Nikafungua mkebe. Ulikuwa na maharagwe matupu. Nilikuwa nimempa jirani vya mwisho kwa ajili ya kikohozi, vilipokuwa havina kazi. Njia ilipofunguka hakukuwa tena na sababu ya kushuka.

Tangu siku ile sijawahi kuuacha mkebe ule mtupu. Niliposema ni desturi ya mama, ya maharagwe ilikuwa ya mama. Ya vidonge ni yangu.

Daktari wa Wundanyi aliniambia niulete mkebe wenyewe. Akaumwaga juu ya meza. Kulikuwa na vya mwaka uliozaliwa mtoto wa Tryphena, vya ng'ombe, viwili vilivyogeuka unga. Alisema, "Mama, hapa hakuna dozi hata moja. Kuna mianzo tu, na hakuna mwisho." Nilitazama lile rundo. Miaka kumi na minane nilikuwa nikimlindia Bernard mkebe ule, na kama angerudi usingemtosha. Daktari alivichukua vyote kwenda kuharibu. Nililia kidogo, na kijana yule akajifanya anatafuta karatasi.

Vya mguu wangu nimevimaliza. Hata viwili vya mwisho. Cha mwisho nilikikodolea macho tangu asubuhi hadi jioni, mkono ukinivuta kuelekea kwenye mkebe, kisha nikakinywa nikisema jina lako. Kwenye gunia, chini ya kabichi, kuna bahasha ile ile niliyoikata. Ihesabu wewe mwenyewe, karani. Ukiitikisa ukasikia kitu usikasirike: ni maharagwe saba, siku zangu. Hayo ndiyo yanayowekwa akiba.

Mungu akubariki kwa kusoma tarehe.

Shangazi yako,
Penina


Voi, 12 Mei 2025

Kwako Shangazi,

Nakuamkia nikiwa karani kamili. Barua ya kuajiriwa nilipewa tarehe mbili. Koki alinunua soda, na Wakili akasema sasa naweza kuugua bila kuomba radhi.

Mguu wangu umerudi kuwa rangi ya mwenzake. Mstari ulichukua wiki tano kufutika, na siku ulipofutika nilihisi kama nimehama nyumba.

Ulisema nisikujibu juu ya Baba. Sikujibu. Ila nitakuambia kwamba lile blanketi la kijivu nikilikumbuka sasa, namwona pia mtu aliyeketi kando yake.

Bahasha niliifungua juu ya meza ya ofisi mbele ya Koki. Nilihesabu vidonge: hakuna. Niligeuza nikatazama ndani, hakuna. Nikachukua muhuri wa kupokelewa nikaugonga hapo kwenye pembe uliyoikata kwa mkasi, nikaiweka kwenye faili yako.

Maharagwe ulisema niyaweke akiba. Utanisamehe, na mwiko uutayarishe. Nimeyapanda yote saba kwenye mkebe mlangoni kwangu, sikubakisha hata moja.

Sita yameota.

Asante, Shangazi.

Ronald